Chati ya udhibiti kwenye chumba cha eksirei: mwongozo kamili, kuanzia sahani ya shaba hadi kumwita fundi

Wanaoanza kufuatilia ubora wa picha za eksirei kwa chati ya udhibiti, yaani grafu ya vipimo vya kila siku yenye mstari wa kati na vikomo juu na chini, hukwama mahali patatu, na karibu kila mara ni palepale. Wapo wanaopima leo kwa umbali huu na kesho kwa umbali ule, kisha wakashangaa nukta zinarukaruka kama panzi. Wapo wanaochukua kiwango cha kukubalika cha asilimia 20 cha kitabuni wakakiita kikomo cha chati. Na wapo ambao kila nukta ikiyumba kidogo, wao wameshagusa mashine.

Mwongozo huu unafuata njia ya mtu mwenye chumba kimoja, mashine moja na muda mchache asubuhi kabla foleni haijajaa. Uwe kwenye hospitali za kusini mwa Tanzania kama Ligula, Sokoine ya Lindi, Ndanda au Nyangao, au kwenye kituo kilichopata mashine yake ya kwanza, hatua ni zilezile. Kinachobadilika ni umeme, unyevu wa pwani, vumbi la bara na idadi ya wagonjwa.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Sahani ya shaba nyekundu, unene mm 2, ukubwa sm 12 kwa 12. Inabandikwa mbele ya kolimeta, yaani kile kisanduku chenye taa chini ya tyubu inayotoa mionzi.
- Tepu ya kupimia ya chuma. Ya kitambaa hunyooka na kuvutika.
- Kaseti moja (kile kisanduku bapa chenye bamba linalopokea mionzi, kisha likasomwa na kisomaji) iliyotengwa kwa kazi hii na kuandikwa namba kwa kalamu isiyofutika. Mwenye ditekta ya dijitali ya moja kwa moja, isiyohitaji kisomaji, atatumia hiyohiyo ditekta.
- Saa yenye sekunde.
- Kaunta buku moja, karatasi za grafu za wanafunzi, penseli, rula na kikokotoo chenye kipeuo cha pili. Programu ya jedwali kwenye kompyuta ni nzuri, ila chati ya karatasi iliyobandikwa ukutani husomwa na watu wengi zaidi.
- Kipimajoto chenye kipimo cha unyevu, kama kipo.
- Sarafu nane zinazofanana na utepe wa gundi.

Shaba ya mm 2 ikikosekana, zipo njia mbili. Alumini ya mm 20 inafaa. Ile inayoyeyushwa na mafundi sufuria si safi na huweza kuwa na mapovu ndani, lakini kwa kuangalia uthabiti inatosha, mradi kipande kiwe kilekile kila siku na kisiwe na mapovu yanayoonekana kwenye picha. Njia ya pili ni maji: chombo cha plastiki chenye kitako bapa cha sm 25 kwa 25, kikijazwa hadi kina cha sm 20, huchukua lita 12.5 na hukaa juu ya kaseti. Maji yasitumike kabisa juu ya ditekta ya dijitali. Tone moja likipenya, gharama yake itapita bajeti ya idara.

## Usalama kwanza

Fanya jaribio mlango ukiwa umefungwa na chumbani hamna mtu. Vaa beji yako ya kupimia mionzi. Hakuna anayeshika sahani kwa mkono, hata kwa "mara hii tu".

Pasha tyubu moto kwa utaratibu wa mtengenezaji kabla ya risasi ya kwanza ya siku, yaani kabla ya kupiga mionzi mara ya kwanza. Anodi, kile kisahani cha chuma ndani ya tyubu kinakotokea mionzi, ikiwa baridi na ikapigwa mzigo mkubwa ghafla huweza kupasuka. Hata bila kupasuka, kusoma tyubu ikiwa baridi leo na ikiwa ya moto kesho kutakuletea tofauti ambayo haihusiani na ubora.

Chati hii haichukui nafasi ya vipimo vya mtaalamu mwenye mita zilizosanifiwa, wala ukaguzi wa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Kazi yake ni kukuambia katikati ya ukaguzi mmoja na mwingine kwamba kuna kitu kimehama.

## Hatua ya 1: Chagua namba, kisha ijue inaelekea wapi

Kila risasi ya kidijitali huacha namba inayoonyesha kiasi cha mionzi kilichoifikia kaseti au ditekta. Mashine nyingi mpya huiandika EI. Hiyo ndiyo utakayofuatilia.

Wengi huharibu hapa bila kujua, kwa sababu watengenezaji wa zamani hawakukubaliana:

- EI ya kiwango cha kimataifa (IEC 62494-1) hupanda sambamba na mionzi. Mionzi ikiongezeka maradufu, EI nayo maradufu.
- Namba S ya Fuji huenda kinyume. S ikishuka kutoka 200 hadi 100, mionzi imeongezeka maradufu.
- lgM ya Agfa ni ya logi. Ikiongezeka 0.3, mionzi imekuwa mara mbili.
- EI ya zamani ya Kodak na Carestream pia ni ya logi. Ikiongezeka 300, mionzi imekuwa mara mbili.

Mwenye namba S agawanye 20,000 kwa S, achore jibu lake: S ya 200 inakuwa 100, na chati itapanda pale mionzi inapopanda. Mwenye lgM au EI ya zamani achore kama ilivyo, lakini asiseme "imebadilika asilimia fulani" kwa kutazama namba hiyo. Kutoka 2,000 hadi 2,300 kunaonekana ni asilimia 15, kumbe ni mionzi maradufu.

Umefaulu ikiwa unaweza kumjibu mwenzako wa zamu, bila kufungua kitabu, kama namba ikipanda mionzi imeongezeka au imepungua.

## Hatua ya 2: Funga mpangilio, uuandike, usiuguse

Hapa ndipo chati nyingi hufia, kabla hata hesabu haijaanza. Chati ya udhibiti hupima kila kinachobadilika, ukiwemo wewe mwenyewe. Ukiyumba, itakuandika wewe badala ya mashine.

Mpangilio wa kuanzia unaofaa vyumba vingi ni huu: kV 70 (nguvu ya kupenya ya mionzi), mAs 2 (wingi wa mionzi), umbali sm 150 kutoka kitovu cha mionzi hadi kaseti, gridi (wavu wa kuzuia mionzi iliyotawanyika) imeondolewa, sahani ya shaba imebandikwa kwenye kolimeta, uwanja wa mwanga umefunika kaseti yote. Kipimo cha kujiongoza, yaani kile kinachokata mionzi chenyewe, kizimwe. Kikiachwa, kitaficha ugonjwa wa mashine kwa kuongeza muda.

Ukitumia maji, au tyubu ikigoma kufika sm 150, badilisha mAs hadi EI ikae kati ya 200 na 500. Ukishapata thamani hiyo, iandike ukutani. Haibadilishwi tena.

Sababu za ukali huu ni hizi:

Umbali. Mionzi hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Ukikosea sm 5 kwenye sm 150, namba inahama karibu asilimia 7. Kwenye sm 100, inahama asilimia 10. Usiamini alama ya kwenye nguzo ya tyubu, hasa kama mashine ilishahamishwa. Pima kwa tepu kila siku.

Upande wa kaseti. Tyubu haitoi mionzi sawa pande zote. Upande wa anodi hupata kidogo zaidi. Weka alama ya utepe sakafuni au mezani na uelekeze kaseti upande uleule kila mara.

Muda wa kusoma kaseti. Alama ya mionzi kwenye bamba la kaseti huanza kufifia mara baada ya risasi, na hufifia haraka zaidi mwanzoni. Amua ni dakika 5, na iwe dakika 5. Anayesoma mara moja leo na kesho akaenda kwanza kunywa chai ataona "mashine imeshuka".

Menyu ya kusomea. Tumia menyu ya majaribio isiyo na usindikaji wa kifua wala wa mkono, na iwe ileile. Menyu tofauti hukokotoa namba kwa njia tofauti.

Kufuta kaseti. Kaseti iliyolala usiku kucha hukusanya mionzi ya asili na mabaki ya picha za jana. Ifute kwanza, halafu ndipo upime.

Umeme. Huku kusini kipengele hiki kinastahili safu yake kwenye daftari. Soma volti kwenye skrini ya stabilaiza (usifungue paneli), na uandike kama ni umeme wa TANESCO au wa jenereta. Mionzi inayovuka mm 2 za shaba inategemea kV kwa nguvu sana: kV ikishuka asilimia 5, kinachofika kwenye kaseti huweza kupungua karibu moja ya tano. Mashine mpya za masafa ya juu hujirekebisha kwa sehemu kubwa. Za zamani hazijirekebishi.

Umefaulu ikiwa watu wawili tofauti, kila mmoja akijipangia kuanzia mwanzo bila kumuuliza mwenzake, wanapata namba zinazotofautiana kwa asilimia 5 au chini. Kama zinatofautiana zaidi, rudia hatua hii. Kuendelea mbele ni kupoteza karatasi.

## Hatua ya 3: Kusanya masomo 20 (vipimo 20 vya EI) bila kurekebisha chochote

Soma mara moja kwa siku, siku 20 za kazi, saa ileile. Asubuhi baada ya kupasha tyubu ndiyo saa nzuri.

Andika tarehe, jina la aliyepima, EI, volti, chanzo cha umeme, joto na unyevu wa chumba, na neno moja la tukio lolote: "fundi amekuja", "kaseti imeanguka", "kiyoyozi kimezima".

Katika siku hizi 20 usirekebishe mashine isipokuwa imeharibika kweli. Unatafuta kujua mashine hii, kwenye chumba hiki, ikiwa na umeme huu, huyumba kiasi gani siku za kawaida. Ukirekebisha kila siku unaongeza yumbo lako juu ya yumbo lake, na vikomo vyako vitatoka vipana hata visikamate kitu.

Usifute namba mbaya. Kama kuna sababu inayojulikana, mfano sahani ilisahaulika, iandike pembeni na usiitumie kwenye hesabu. Bila sababu inayojulikana, inabaki.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya vikomo

Chukua namba hizi za mfano, masomo 20 mfululizo:

312, 305, 318, 309, 301, 315, 310, 322, 306, 311, 299, 308, 316, 304, 313, 320, 307, 302, 314, 308

a) Mstari wa kati. Jumla ni 6,200. Gawanya kwa 20: 310.

b) Tofauti za jirani. Kila namba itoe na ile ya siku iliyotangulia, bila kujali alama ya kutoa. Kutoka 312 hadi 305 ni 7, kutoka 305 hadi 318 ni 13, na kuendelea. Utapata tofauti 19, siyo 20. Jumla yake ni 182; wastani ni 182 ÷ 19 = 9.58.

c) Vikomo vya EI. Zidisha wastani wa tofauti kwa 2.66: 9.58 × 2.66 = 25.5. Kikomo cha juu ni 310 + 25.5 = 335.5. Cha chini ni 310 − 25.5 = 284.5.

d) Kikomo cha tofauti za jirani. 9.58 × 3.267 = 31.3. Cha chini ni sifuri.

Ile 2.66 inatokana na 3 kugawanywa kwa 1.128, namba inayogeuza wastani wa tofauti za jirani kuwa kipimo cha mtawanyiko. Ukigawanya 9.58 kwa 1.128 unapata 8.5, ambayo ni hatua moja ya mtawanyiko. Vikomo vimekaa hatua tatu kila upande.

Kwa nini tusibonyeze tu kitufe cha mkengeuko sanifu kwenye kikokotoo? Kwa sababu kitufe hicho huchanganya yumbo la siku kwa siku na mhamo wa polepole. Kama mashine ilikuwa inashuka kidogo kidogo ndani ya zile siku 20, kikokotoo kitaumeza mshuko huo na kukupa vikomo vipana vinavyouhalalisha. Tofauti za jirani haziruhusu hilo kwa urahisi.

Usichanganye vikomo hivi na viwango vya kukubalika. Kiwango husema mashine *inatakiwa* iweje. Kikomo cha chati husema mashine yako *imezoea* kuwa vipi. Mashine inaweza kuwa tulivu kabisa kwenye chati huku kV yake ni mbaya tangu siku ya kwanza. Inaweza pia kutoka nje ya kikomo cha chati ikiwa bado ndani ya kiwango, na hapo ndipo chati inapokupa nafasi ya kushughulikia kabla mgonjwa hajaumia.

Umefaulu ikiwa masomo yote 20 yako ndani ya vikomo na nusu ya upana, ile 25.5, haizidi asilimia 10 ya mstari wa kati. Hapa ni asilimia 8. Ukipata asilimia 25, rudi Hatua ya 2, kwa kuwa mpangilio wako bado unayumba.

## Hatua ya 5: Chora

Karatasi moja, chati mbili. Juu EI, chini tofauti za jirani, siku zikienda kulia. Mstari wa kati uwe wa kalamu, vikomo viwe vyekundu. Siku za jenereta weka duara tupu, siku za TANESCO nukta iliyojazwa. Kitu kidogo hiki huokoa mabishano mengi.

Ibandike ukutani karibu na paneli, isifungiwe ofisini kwa mkuu wa idara.

## Hatua ya 6: Soma chati na uamue

Zipo sheria nyingi za kusoma chati za udhibiti. Ukizitumia zote kwa pamoja utakuwa unakimbizana na kengele za uongo, na baada ya mwezi hakuna atakayesikiliza. Tatu zinatosha:

1. Nukta moja nje ya kikomo, kwenye chati yoyote kati ya hizo mbili.
2. Nukta nane mfululizo upande mmoja wa mstari wa kati.
3. Nukta mbili kati ya tatu zilizofuatana, upande mmoja, zaidi ya hatua mbili kutoka katikati. Kwenye mfano wetu ni juu ya 327 au chini ya 293.

Mashine tulivu hutoa nukta nje ya vikomo vya hatua tatu takriban mara moja katika masomo 370. Kwa hiyo sheria ya kwanza ikivunjwa, ichukulie ni kweli mpaka ithibitike vinginevyo.

### Nukta imetoka nje: fanya hivi kwa mpangilio huu

Usirekebishe mashine. Kagua tepu, sahani, upande wa kaseti, menyu, muda. Kisha rudia risasi mara moja tu. Andika namba zote mbili. Anayepiga mara tano na kuandika ile iliyoingia ndani ameshaiua chati.

Ya pili ikirudi ndani, kosa lilikuwa la mpangilio, andika lipi. Ikibaki nje, tenga chanzo kwa kubadilisha kitu kimoja kwa wakati:

- Weka kaseti nyingine ya aina ileile. Namba ikirudi kawaida, kaseti ya majaribio ndiyo mgonjwa.
- Kama bado, peleka kaseti ya majaribio chini ya mashine nyingine, hata ile ya kusukuma wodini, ikiwa na kumbukumbu zake za zamani. Huko nako ikiwa imehama, kisomaji cha kaseti ndicho cha kushukiwa. Huko ikiwa sawa, tatizo liko kwenye tyubu au jenereta ya mionzi.

EI ikihama zaidi ya asilimia 20 kutoka mstari wa kati na sababu haijulikani, ushauri wetu ni kusimamisha picha za kawaida, kubakiza za dharura tu kwa idhini ya mkuu wa idara, na kumwita mhandisi wa vifaa tiba. Ukimpigia, msomee chati. "Mashine inasumbua" humfanya afike na mkoba mtupu. "EI imeshuka kutoka 310 hadi 240 tangu Jumanne, kaseti mbili, umeme volti 228" humfanya afike na kifaa sahihi.

### Maumbo na maana yake

Imeshuka ghafla, kesho imerudi. Tazama kwanza safu ya volti. Kama ni siku ya duara tupu, jenereta ya hospitali huenda haibebi mzigo wa risasi.

Imepanda au kushuka ngazi moja na kubaki huko. Kuna mtu aligusa kitu: fundi alisanifu upya, programu ilisasishwa, bamba la kaseti lilibadilishwa. Safu ya matukio itajibu. Kama haijajibu, uliza kwa upole. Mara nyingi ni zamu ya usiku.

Inashuka polepole wiki hadi wiki. Bamba la kaseti linazeeka, njia ya mwanga ndani ya kisomaji imepata uchafu, au tyubu inachoka. Tazama picha zenyewe. Vumbi juu ya bamba huacha vidoa vyeupe visivyohama. Vumbi kwenye njia ya mwanga ya kisomaji huacha mstari mweupe unaopita picha nzima. Bara, kuanzia Masasi hadi Nachingwea, kiangazi huleta vidoa. Mikindani, Lindi mjini na Kilwa adui ni unyevu, na kiyoyozi kisizimwe usiku kwenye chumba cha kisomaji kwa kubana matumizi.

Juu, chini, juu, chini. Kaseti mbili au watu wawili wanapokezana.

Zote zimeng'ang'ania mstari wa kati, siku baada ya siku, hakuna inayoyumba. Mashine ya namna hiyo haipo. Ama vikomo vimekosewa hesabu, ama kuna mtu anaandika namba akiwa nyumbani.

## Hatua ya 7: Chati ya pili, ya picha zilizokataliwa

Chati ya kwanza inaangalia mashine. Hii inaangalia kazi nzima: mkao, maelekezo kwa mgonjwa, uchaguzi wa mionzi. Mgonjwa aliyetoka Liwale kwa basi akarudishwa nyumbani na picha isiyosomeka amepoteza nauli, siku na mionzi ya bure.

Hesabu picha zote zilizopigwa, yaani zilizokubaliwa na zilizokataliwa. Toa za majaribio. Kiwango ni zilizokataliwa kugawanywa kwa zote.

Mfano: wiki 20, picha 3,600, zilizokataliwa 324. Wastani ni 324 ÷ 3,600 = 0.09, yaani asilimia 9. Kwa wiki ni picha 180.

Vikomo: zidisha 0.09 kwa 0.91, gawanya kwa 180, tafuta kipeuo cha pili cha jibu: 0.0213. Zidisha kwa 3: 0.064. Kikomo cha juu ni 0.154, cha chini 0.026.

Maana yake, wiki yenye asilimia 13 haina haja ya kikao wala barua ya kujieleza. Ni yumbo la kawaida la picha 180. Wiki yenye picha 29 zilizokataliwa, asilimia 16, hiyo ina sababu yake na itafutwe.

Vituo vidogo vina mtego wao. Ukiwa na picha 60 kwa wiki na wastani uleule, kikomo cha juu kinapanda hadi asilimia 20, na chati haitakamata chochote hadi mambo yaharibike kabisa. Jumlisha kwa mwezi. Kwa picha 240 kikomo cha juu kinashuka hadi asilimia 14.5. Idadi ikibadilika sana mwezi hadi mwezi, kokotoa vikomo vya kila mwezi peke yake.

Usisahau kikomo cha chini. Kiwango kikianguka hadi asilimia 2 ghafla, kabla ya kupongezana kagua kama watu wameanza kufuta picha au kukubali mbovu. Chama cha wanafizikia tiba cha Marekani, AAPM, mwaka 2015 kilipendekeza asilimia 8 iwe lengo na 10 iwe mahali pa kuanza uchunguzi, hakikupendekeza sifuri.

Kila picha iliyokataliwa ipewe sababu moja, papo hapo. Tuseme zile 324 zimegawanyika hivi: mkao 160, kiasi cha mionzi 62, mgonjwa kutikisika 48, vitu vya mwilini 34, hitilafu ya kifaa 20. Karibu nusu ni mkao. Kazi ya mwezi ujao ni mkao tu, tena wa kiungo kimoja kinachoongoza. Anayeshughulikia zote tano kwa pamoja hatajua kipi kilisaidia.

Kuhusu vitu vya mwilini: hirizi, shanga za kiunoni, vifungo vya sidiria na misuko mizito inayoangukia mabegani. Shanga za kiunoni hazitajwi mbele ya wanaume wanaosubiri kwenye benchi. Muuguzi wa kike amchukue mama pembeni, aulize kwa heshima, ampe mfuko mdogo wa kuhifadhi. Ukiuliza kwa sauti, utajibiwa "sina", na picha ya nyonga itasema mengine.

Jina la aliyepiga picha lisiandikwe kwenye chati hii. Siku litakapoandikwa, picha mbovu zitaanza kupotea bila kuhesabiwa.

## Hatua ya 8: Mara moja kwa mwezi, DI ya wagonjwa

Picha ya kidijitali iliyopigwa mionzi mingi huonekana nzuri, laini, bila chengachenga. Ndiyo maana mionzi hupanda kimyakimya bila mtu kulalamika.

Chukua picha 30 za mwisho za kifua, watu wazima, wamesimama, mionzi ikitokea mgongoni. Andika DI ya kila moja. DI ni 10 × logi ya (EI ÷ EI lengwa): sifuri ni sahihi, +1 ni zaidi kwa asilimia 26, +3 ni maradufu, −3 ni nusu. Zipange kuanzia ndogo na utazame ya katikati. Ikikaa juu ya +1 miezi miwili mfululizo, punguza mAs kwenye chati ya vipimo ya paneli kwa asilimia 20, mwoneshe daktari msomaji picha tano, kisha upime tena.

Usichanganye watoto na watu wazima, wala kifua na tumbo. Wastani wa mchanganyiko huo haumhusu mgonjwa yeyote.

## Kisichohitaji chati

Mwanga wa kolimeta ukaguliwe kila mwezi kwa sarafu. Kwa umbali wa sm 100, weka sarafu mbili kwenye kila upande wa uwanja wa mwanga, zikigusana kwenye ukingo, moja ndani na moja nje. Kwenye picha, ukingo wa mionzi upite pale zinapogusana. Ukipishana zaidi ya sm 2, yaani asilimia 2 ya umbali, mwite fundi. Ni ndiyo au hapana. Kuichorea vikomo ni kujichosha.

## Lini ukokotoe vikomo upya

Baada ya kubadilisha tyubu, ditekta, kisomaji au kaseti ya majaribio, na baada ya fundi kusanifu upya. Chora mstari wima, andika tarehe na sababu, kusanya tena masomo 20. Katika kipindi hicho tumia ile asilimia 20 kama kinga ya muda.

Usikokotoe upya kwa sababu mwaka umeisha, wala kwa sababu nukta zimeanza kutoka nje na zinakera. Vikomo vinavyofuata nukta havitakuonyesha tyubu inayochoka, na utakapoitambua kwa macho kwenye picha, itakuwa imeshapiga vifua vingi.